Kifuniko chenye Matundu Matatu

Misiera, Nakivale
Tarehe 7 mwezi wa saba, 2025

Kwa Kiongozi wa Wajitoleaji wa Ufuko Safi, Mbarara

Chupa mia sita na kumi na mbili zimepotea mu shamba langu siku ya Jumamosi, tarehe 5 mwezi huu, kati ya saa mbili ya asubuhi na saa nane ya muchana. Hazikuibwa. Muizi angekuwa na haya kidogo. Mulizichukua ninyi, watu arobaini wenye fulana za kijani, mukazipakia mu gari na mukapiga picha mbele yake.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa Base Camp, kwa mustari wa kuhakikisha karata za ukimbizi, na kila mutu wa hapa anajua kwamba ukikosa siku yako kule unangoja miezi. Jirani yangu Mariette ndiye alikuwapo. Aliwaambia kwamba zile chupa ni za mutu. Mumoja wenu akamujibu kwamba ziwa halina mwenyewe. Mariette akasema haongei juu ya ziwa, anaongea juu ya shamba. Mukacheka, mukamupa glovu, mukamuambia asiogope kazi, ajiunge. Glovu anayo mpaka leo. Ni ya mukono wa kushoto.

Sasa nieleze, juu ya kuwa naona Mbarara hamujui. Ile chupa inakatwa matako, inasimamishwa mu udongo kichwa chini, karibu na muti wa tomati, upana wa kiganja kutoka kwa shina. Kifuniko kinabaki na kinatobolewa. Unamimina maji juu, yanatoka polepole chini, kwenye mizizi. Ni kiangazi. Tangu mwezi wa tano mvua haijaanguka. Chupa moja kwa muti mumoja, miti mia sita na kumi na mbili, na yote ilikuwa imeanza kuzaa. Ukivuta chupa unavuta na mizizi. Leo, siku mbili tu, iliyosimama bado ni hamsini na nane.

Mimi ni mukimbizi kutoka Kivu ya Kusini, mujane, na sijawahi kujitolea kusafisha kitu cha mutu mwingine, juu kusafisha kwangu kunanitosha. Hilo shamba nililifungua kwa jembe moja na mikono hii miwili. Nataka chupa zirudi pamoja na vifuniko vyake, na muandike kwa barua kwamba zilitoka mu shamba.

Sipigi simu. Simu inakatika na maneno yanapotea. Bonaventure, mwenye gari la kupeleka mizigo, anakuja Mbarara kila Jumanne na kila Ijumaa. Mumupe jibu.

Yudita Mukarukundo
mulimaji wa tomati


Mbarara
10 Julai 2025

Kwa Bi. Yudita Mukarukundo, Misiera

YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHUPA ZA PLASTIKI

Ofisi ya Ufuko Safi inakiri kupokea barua yako ya tarehe 7 Julai, na inakushukuru kwa moyo wako wa kujali mazingira.

Baada ya uchunguzi, tunapenda kukujulisha kwamba wajitoleaji wetu walifanya kazi katika eneo la ufuko pekee. Walikuta kiasi kikubwa cha chupa zikiwa zimetapakaa ovyo katika safu takriban kumi na saba. Hapakuwa na alama yoyote ya umiliki. Nyanya chache zilizoonekana zilidhaniwa kuwa zimeota zenyewe, kama ilivyo kawaida katika majalala.

Chupa zote zimeshapelekwa kusagwa, hivyo haziwezi kurejeshwa. Zoezi lilifanikiwa kukusanya jumla ya chupa 1,043, kama inavyoonekana katika ukurasa wa taarifa tulioambatanisha pamoja na picha.

Aidha, kwa ushirikiano na Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Eliezeri, eneo hilo lililokuwa jalala litapandwa miti. Mkutano wa kuidhinisha utafanyika Base Camp Jumamosi, tarehe 26 Julai, saa nne asubuhi. Unakaribishwa kushiriki kama mjitoleaji.

Wako katika ujenzi wa mazingira bora,

C. Muhirwa
Mratibu


Misiera
Tarehe 14 mwezi wa saba

Cassien,

Ulifikiri ukiandika C moja sitajua? Ile M yako yenye mukia nimeiona miaka mitatu kwenye madaftari, juu ya meza yangu, karibu na sahani yangu. Mama yako Marthe, Mungu amulaze pema, alikuacha kwangu ili umalize masomo. Ukamaliza. Ukaenda Mbarara mwaka wa 2019. Miaka sita bila salamu, na salamu ya kwanza inaniita Bi. na inaanza na YAH.

Tuanze na hesabu zako, juu ndizo sehemu ndogo ya barua yako ambayo si upepo.

Unasema chupa zilikuwa zimetapakaa ovyo katika safu kumi na saba. Cassien, takataka gani inapanga safu? Safu kumi na saba, kila safu chupa thelathini na sita, kamba imevutwa kutoka kigingi mpaka kigingi. Fanya mara. Utapata mia sita na kumi na mbili, kamili. Tena mimi mu barua yangu nilitaja chupa, sikutaja safu. Basi kuna mutu wa kwenu aliyesimama mu shamba langu akahesabu safu, halafu akaona jalala.

Tuendelee. Mumeandika mulikusanya chupa 1,043. Toa zangu 612. Zinabaki 431. Mulikuwa watu arobaini. Hata chupa kumi na moja kila mutu hazifiki. Na bado. Kila mumoja alikuja na chupa mbili za maji ya kunywa, maana yake themanini, na mimi nimeokota sabini na nne pale mulipokaa kula. Ziko kwangu ndani ya gunia, zina vifuniko, naweza kukuonyesha. Hizo ni uchafu mulioleta ninyi, basi toa hizo pia. Zinabaki 357. Watu arobaini, saa sita. Ni chupa moja na nusu kwa mutu kwa saa moja. Kuku wangu anafukua zaidi, na hakuna mutu anayemupa fulana.

Kuhusu ufuko. Vigingi vyekundu vya mupaka wa ziwa ulivijua, ulikuwa unafungia mbuzi pale. Kutoka kigingi mpaka mustari wa kwanza wa tomati zangu ni hatua thelathini na moja, kwenda juu, upande wa nchi kavu. Karatasi ya shamba ninayo tangu 2016, ina muhuri.

Sasa kitu kinachonikosesha usingizi si tomati. Tomati zilikufa, zimekufa, zimebaki kumi na moja. Ni ile picha yako. Eliezeri ameibandika kwenye ubao wa Base Camp. Juu wameandika KABLA, na ni shamba langu, na chini wameandika BAADA, na ni udongo mutupu. Nilipomuendea na karatasi yangu ya muhuri hakuigusa. Aliniambia, "Mama Yudita, picha haina lugha mbili. Hapa ni fasi ya uchafu, na mwenye sahihi ni mratibu mwenyewe." Ng'ombe zake ishirini na tatu zinazunguka shamba langu kila siku kufika kwa maji. Shamba likiondoka, zitapita katikati ya hiyo miti yenu sawasawa, na mwaka kesho hakutakuwa miti wala tomati, kutakuwa njia ya ng'ombe. Mutoto wa shule angeona hilo. Mratibu haoni.

Nikukumbushe pia, juu mujini munasahau. Kiangazi cha 2018. Ni nani alileta hii akili ya chupa? Si mimi. Ulitoka Masha, ulikuwa umeiona kwa mulimaji mumoja kule. Tulijaribu chupa tisa. Tatu za matundu mawili, tatu za matundu matatu, tatu za matundu ine. Za mawili ziliziba tope. Za ine ziliisha maji kesho yake. Za matatu zilifika siku ya tatu. Ulichoma kila tundu wewe mwenyewe na spoki ya baiskeli, ukaja mbio jikoni unasema, "Tantine, ni tatu." Nikacheka, nikakuambia basi ni tatu. Miaka saba ni tatu.

Nataka kitu kimoja. Andika, kabla ya tarehe 26, kwamba zile chupa zilikuwa kazini mu shamba. Mustari mumoja unatosha. Saini jina lako lote.

Yudita


Mbarara
17 Julai

Tantine Yudita,

Salamu nyingi. Pole sana kwa yaliyotokea. Nakuomba unisikilize kwa moyo wa shangazi na mzazi.

Siku ile sikufika ufukoni kabisa. Nilikuwa barabarani kwenye gari, nasaini makaratasi na kupokea wageni waliotoa vifaa. Hesabu ya safu nililetewa na viongozi wa vikundi. Mimi niliandika nilichoambiwa. Kama ningekuwa pale ningewakataza, unanijua.

Taarifa imeshakwenda kwa wafadhili. Tuliahidi chupa elfu moja, tukapata 1,043. Nikirudi nyuma kuandika kwamba 612 zilitoka kwenye shamba la mtu, zoezi zima litaonekana mzaha, na mimi ndiye mratibu. Tantine, nimepanda kufika hapa. Nilianza kwa kubeba viti kwenye semina zao.

Kuna jambo jingine naomba ubaki nalo. Ofisini hawajui kwamba nimekulia Nakivale. Wanajua mimi ni wa Mbarara hapa hapa. Si kwamba nina haya, ni namna mambo yalivyokuwa tangu mwanzo, na sasa ni vigumu kubadilisha. Kwa hiyo usiandike tena mambo ya Mama Marthe na ya jikoni kwenye barua za ofisi, maana bahasha hufunguliwa na wengine.

Nimekutengea miche mia mbili ya miti, upande popote utakapopenda. Pia fulana mbili. Mkutanoni naomba usije na maneno makali. Mzee Eliezeri ana nia njema. Shamba jingine linaweza kupatikana, hata kama ni mbali kidogo na maji.

Mwanao,
Cassien


Makenke, Mbarara
18/7/2025

Mama Yudita,

Habari ya siku. Wewe hapana jua mimi. Mimi naitwa Prince, niko na miaka thelathini na ine, mimi ni fundi wa gari hapa Makenke. Baba yangu ni askari mzee, sasa amestaafu. Mimi najua hii Swahili ya barracks tu, kwa hivyo usamehe.

Leo Cassien amenituma nipeleke bahasha kwa ile gari ya Bonaventure. Mimi hapana fungua. Lakini niliona imeandikwa Yudita, Misiera, na Bonaventure akaniambia hii ni ile mama ya chupa. Basi nimekaa chini pale stendi, nimeomba karatasi, naandika yangu. Anangoja mimi.

Mama, mimi ni mmoja wa hao watu wa fulana ya kijani. Mimi ndiye nilitoa chupa ya kwanza kwa shamba yako. Nilivuta, nikaona iko na maji ndani, na mizizi ya nyanya imekuja nayo. Nikasema hii hapana takataka. Wenzangu wakasema nyanya inaota tu yenyewe, mtu anakula anatupa mbegu. Mimi nikasema ngoja, niite mkubwa.

Cassien akatoka kwa gari akakuja. Alitembea kati ya ile mistari mpaka mwisho, akarudi. Mimi nikamuuliza, hii si shamba ya mtu? Yeye akachukua ile chupa kwa mkono yangu. Akafungua kifuniko, akaangalia sana. Akaweka kifuniko kwa mfuko ya suruali. Halafu akasema, "Toeni yote, gari inangoja."

Mimi nilinyamaza. Hiyo ndiyo kosa yangu. Kwa jeshi baba yangu alisema mkubwa akisema unafanya, lakini mimi si askari, mimi ni mtu wa kujitolea, ningeweza kuacha na kwenda nyumbani. Sikuacha. Nilitoa kama mia moja mimi peke yangu.

Nilibaki na chupa moja, niliweka chini ya kiti ya gari. Mke wangu ameweka kwa sukuma wiki nyuma ya nyumba. Mambo yake ni nzuri kabisa. Tumejaribu kufanya zingine lakini sisi tunatoboa vibaya, maji inaisha siku moja. Mama, kama hasira imepungua, niambie matundu inakuwa ngapi na unatoboa na nini. Kama haijapungua, pia ni sawa.

Tarehe 26 mimi nitakuja kwa hiyo mkutano. Nitasema vile niliona.

Prince


Misiera
Tarehe 21 mwezi wa saba

Kwa Prince, Makenke

Hasira haijapungua. Lakini wewe umeandika jina lako na umeandika kosa lako, na hiyo mu mwezi huu nimeiona mara moja tu.

Matundu ni matatu. Chukua spoki ya baiskeli, iweke mu moto mpaka iwe nyekundu, toboa kifuniko kutoka ndani kwenda inje ili udongo usizibe. Usitumie musumari, unafanya tundu kubwa. Ndiyo maana maji yenu yanaisha siku moja. Chupa ikae upana wa kiganja kutoka kwa shina. Mwambie mama wa nyumba asimimine jua likiwa kali.

Ukija Jumamosi, kuja saa tatu, mapema kidogo. Nina watu wa kukuonyesha hatua thelathini na moja.

Yudita


Misiera
Tarehe 21 mwezi wa saba

Cassien,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili Mariette alikuwa amekaa karibu, nikamusomea kwa sauti. Nilipofika kwa fulana mbili aliniomba nirudie, alifikiri ninaongeza.

Miche mia mbili usilete. Mutu anayeng'oa miti 612 inayozaa halafu analeta 200 isiyozaa, anajiita mutu wa mazingira. Na hilo shamba jingine mbali kidogo na maji, lilime wewe. Chota wewe mwenyewe jerikani kutoka ziwani, panda nazo, kiangazi chote, halafu uniandikie kidogo ni kilomita ngapi.

Umesema hukufika shambani. Bahasha yako iliniletea jibu lake mukono kwa mukono, juu ulimutuma mutu aliyekuona. Wewe unachagua watu namna unavyochagua takataka, hauangalii. Ulitoka garini. Ulitembea mistari yote mpaka mwisho. Uliulizwa kwa mudomo kama ni shamba ya mutu. Ulifungua kifuniko kimoja, ukakiangalia, na haukukitupa mu gunia pamoja na vingine. Ulikiweka mufukoni.

Nimefikiri juu ya hicho kifuniko siku tatu. Kama ulikiona takataka, ungekiacha. Mutu haweki takataka ya mutu mwingine mu suruali yake. Ulihesabu matundu, ukajua mukono wa nani, ukajua unasimama wapi, ukageuka ukasema gari inangoja. Ulikuwa na chupa mia ine na kitu, uliahidi elfu moja, ukaona mia sita zimesimama zinakungoja. Hesabu nilikufundisha mimi. Sikukufundisha hiyo.

Unasema una namna yako na ofisi, hawajui ulikulia fasi gani. Sitawaambia. Mimi sina kazi na ofisi yako. Kukaa kwangu na kukula kwangu si kitu kinachonipa mimi aibu, kama kinakupa wewe, kaa nacho. Lakini usiandike tena Mwanao chini ya uongo. Andika moja ao andika ingine.

Nimerudi kwa Eliezeri na barua ya Prince. Ameisoma, ameikunja, amesema neno la mujitoleaji mumoja halitoshi, anataka sahihi ile ile iliyo chini ya picha. Basi amenipa njia bila kujua. Sahihi hiyo ni yako. Kama jibu ni ndiyo, picha ile inatoka kwenye ubao, karatasi yangu ya muhuri inabaki na nguvu yake, na mwezi wa tisa nikipata chupa ninaanza mustari wa kwanza. Kama hakuna jibu, Jumamosi saa nne watapiga kura juu ya jalala, mimi nitakuwa nimekaa pale na tomati kumi na moja, na ng'ombe za Eliezeri zitapita juu yake siku ya Jumapili.

Prince atakuja. Ulivyofanya utajulikana. Ninachokuuliza ni kama utajulikana kwa mudomo wako ao kwa mudomo wa fundi wa gari kutoka Makenke, ambaye hajakula hata siku moja kwangu.

Sitaki pole. Sitaki maelezo ya wafadhili. Sitaki barua ndefu, juu barua ndefu ndiyo fasi unajificha. Nimekuwekea ndani ya bahasha karatasi moja, nimeandika swali juu, nimeacha nafasi chini. Swali ni hili:

Siku ya tarehe 5, kabla ya kusema toeni yote, ulijua kwamba zile chupa ni zangu na ziko kazini? Ndiyo ao hapana.

Andika neno moja. Saini Cassien Muhirwa, si C. Tia na kifuniko changu ndani ya bahasha. Gari la Bonaventure linatoka Mbarara Ijumaa, tarehe 25, saa tisa kamili ya muchana, na nimemuambia asingoje hata dakika moja.

Yudita Mukarukundo